Mti Nilioulisha na Mawe ya Jiwe la Ndama

Jumapili jioni, mwezi wa Novemba, mvua bado.

Leo vumbi liliamka kabla ya jua. Upepo wa Dodoma hauna adabu, unaingia ndani ya tembe, nyumba yetu ya paa bapa la udongo, bila kupiga hodi, unakaa kwenye unga, unakaa kwenye macho, na ukiufagia unarudi na ndugu zake. Lakini moyo wangu ni mweupe, hata kama kitambaa changu cha kanisani si cheupe tena. Nimekaa mlangoni penye mwanga, penseli nimeichonga kwa kisu cha mboga, naandika.

Mimi si msomi mkubwa. Misheni nilisoma mpaka kitabu cha pili, nikaolewa. Lakini katika wanawake wote wa upande huu wa reli, anayeandika mambo yake kwa mkono wake mwenyewe ni mimi peke yangu, na hayo sisemi kwa kujisifu, nasema kwa kuwa ni kweli.

Nusura nimharibie mwanangu ndoa.

Kwa kuulisha mti.

Yoeli wangu ndiye mtunza bustani wa yule Mdachi anayesimamia mambo ya reli hapa mjini. Ni kijana mfupi. Nasema mwenyewe kabla watu hawajasema. Alizaliwa mwaka wa njaa, nikiwa na machozi mengi kuliko maziwa, na alipoanza kutembea alikuwa akipita chini ya tumbo la ndama bila kuinama. Lakini ufupi wake ni wa kimo tu. Kwa akili, kwa mikono, kwa upole, hata kwa meno, sijaona wa kufanana naye kutoka hapa mpaka Kondoa. Kondoa sijafika, ila wafanyabiashara wa huko nimewaona wakipita, na hakuna aliyenishtua.

Mambo yalianza mwaka jana, Bibi Mdachi, mke wa bwana huyo, aliposhuka garimoshi kutoka pwani. Katika mizigo yake mlikuwa na sinia la kaure, pana, kina chake kifupi kama kiganja, na ndani yake kisiki kikavu. Bibi alikuwa analia. Yoeli akauliza ni kitu gani. Kumbe ulikuwa mti mzima, tena mkongwe, kutoka nchi ya mbali upande wa mashariki ya bahari, ambako watu hukuza miti midogo kwenye masinia pamoja na mawe, mpaka panakuwa mlima mdogo wa kuweka mezani. Ulimfia njiani.

Yoeli aliponisimulia nilidhani ananitania. Mtu mzima, mwenye watumishi na vitanda vya chuma, analilia kuni.

Lakini mwanangu alimwambia, "Bibi, miti ya namna hiyo kwetu iko juu ya mawe. Nitakutafutia." Hivyo hivyo, kama mtu aliyetumwa yai dukani.

Njia ya kwenda Msalato kuna mawe tunayoyaita Jiwe la Ndama. Ni jiwe kubwa mno lililolala kama ng'ombe, na pembeni yake dogo limeegemea ubavu kama linanyonya. Nimepita hapo tangu nikiwa msichana nikiwa na kuni kichwani, na siku zote niliona mawe. Yoeli alikaa chini akayatazama asubuhi nzima. Akanionyesha kuwa nyufa zote zinaelekea upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Akanionyesha jinsi jiwe kubwa lilivyozama ardhini, ndiyo maana linaonekana zito, kwamba lingekuwa limewekwa juu juu lingeonekana kama limedondoshwa na mpita njia. Na kwenye ufa mmoja palikuwa na mkuyu wa mawe, kimo chake hakifiki goti langu, shina limepinda na kunenepa kama kiwiko cha mzee. Alisema mti huo huenda umenizidi umri.

Nilimwambia aniheshimu.

Basi tukaokota mawe madogo yenye nyufa kama zile za mawe makubwa. Nasema tukaokota kwa sababu nilibeba mimi, kikapu kizima, mpaka nyumbani. Jirani yangu Mama Ndahani alikuwa anapeta uwele, akasimama.

"Mama Yoeli, kwako siku hizi mnapika mawe?"

"Tunapika," nikamjibu, "na yakiiva sikuiti."

Mkuyu wenyewe Yoeli aliutoa kwenye ufa kwa subira ya siku nyingi, akaulea kwenye chungu kilichovunjika, na uliposhika ndipo akaanza kupanga sinia. Siku moja alitoka, nikaona nimsaidie. Nikayaweka mawe matatu vizuri, yameachana sawasawa, yanatazamana. Aliporudi akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, haya ni mafiga. Hapa bado sufuria tu."

Akayapanga upya, moja akalizamisha mpaka likabaki mgongo, jingine akaliegemeza, nyufa zote zikaelekea upande mmoja, na mbele akamwaga changarawe nyeupe ikawa korongo la kiangazi. Nikainama nikatazama. Wallahi, Mungu anisamehe kwa kuapa kama watu wa Kondoa, nilijiona niko njia ya Msalato nina kuni kichwani.

Sasa niandike la Mzee Chilewa, maana bila yeye haya yote ni habari ya bustani tu.

Mzee Chilewa ana ng'ombe wengi na binti mmoja aliyebaki nyumbani, Damari. Yoeli na Damari wanapendana, na anayebisha amwangalie Yoeli akila siku Damari amepita hapa nje. Tulimtuma shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, apeleke neno la posa. Mzee akamkaribisha, akampa maziwa, wakazungumza mvua na malisho, na kila shemeji alipoanza kutaja neno lile, Mzee akawa hasikii. Mwisho akasema maneno haya, shemeji aliniletea kama yalivyo: "Mwanaume huchunga ng'ombe. Huyo wenu anachunga kokoto. Nasikia anafuga na mti, mwenyewe mfupi na mti wake mfupi."

Niliposikia hayo sikulala vizuri. Ningeweza kumsamehe la kokoto.

Lakini Mzee huyo huyo ndiye hupeleka maziwa kwa Mdachi kila Jumapili. Akasema kwamba siku sinia hilo litakapowekwa barazani atalitazama kwa macho yake. Akiona kazi ya mtu mzima, atafikiri. Akiona mchezo wa watoto, tusimtumie mtu tena.

Hilo ndilo lililokuwa juu ya sinia. Mawe, mti, na Damari.

Sasa, Bibi akaenda pwani, na bwana wake akaenda magharibi kutazama reli inakojengwa, akamchukua Yoeli kambini. Mwezi mzima. Sinia likaachwa kwangu, juu ya paa la tembe, mbali na mbuzi. Yoeli akaniagiza: kikombe kimoja cha maji asubuhi, basi. Akarudia, "Basi, mama." Ananijua.

Siku za kwanza nilitii. Kikombe kimoja, nashuka. Nikawa napanda paani na fimbo kufukuza mbuzi waliojaribu kupanda, na kwa kuwa niko juu na watu wanapita chini, nikawa nawaeleza. Niliwaambia kuwa kazi hii haifanywi na mtu yeyote kati ya hapa na bahari, kwamba Bibi Mdachi hali wala halali kwa kuingoja. Wengine walisimama, wengine waliongeza mwendo.

Lakini kila nilipouinamia ule mti, roho iliniuma. Kijani chake kidogo. Majani kama kucha. Shina la kizee kwenye mwili wa kitoto. Mtu wa Ugogo akiona kitu kimekonda hawezi kupita hivi hivi, sisi tunaijua njaa kwa jina na kwa sura. Nilikuwa na mtoto wa namna hiyo mgongoni. Nilimtafutia maziwa kwa watu, nilimtafunia karanga, sikuwahi kumpimia kikombe kimoja na kumwambia basi.

Nikaupa kikombe cha pili.

Kesho yake nikachukua samadi ya mbuzi, ile ya zamani iliyo laini, nikaikoroga na maji nikaumiminia. Ukapokea vizuri. Nikarudia. Siku moja, naandika hili kwa aibu, uji wa uwele ulibaki nikaona nisiutupe. Walikuja sisimizi, kazi ya kuwaondoa ilinichukua mchana kutwa, uji nikaacha. Samadi sikuacha.

Na ukanenepa. Nilifurahi jamani. Ulitoa matawi mapya marefu, yamenyooka, na majani mapana kama kiganja, yanang'aa kwa afya. Mama Ndahani mwenyewe alipanda kutazama akasema, "Huu sasa ni mti." Nikaona nimefanya kazi ya mama. Nikawaza Yoeli akirudi atasema mama, umeufanyaje, nami nitasema ni siri ya wazazi.

Jana alasiri alirudi. Alinisalimia, akala, akapanda paani. Nikangoja aniite.

Nikapanda.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya sinia, mikono juu ya magoti. Hapo ndipo nami niliuona kwa macho yake. Yale majani makubwa yalikuwa yamelala juu ya mawe kama kanga zimeanikwa. Ng'ombe na ndama wake hawakuonekana tena, zilionekana kokoto chini ya kichaka. Jani moja tu lilifunika nusu ya mlima.

"Umeulisha," akasema.

"Ulikuwa na njaa."

"Mama, haukuwa na njaa. Ni mfupi tu."

Ile sauti haikuwa ya hasira, ndiyo iliyoniumiza. Nilimwambia nitakwenda kwa Mzee Chilewa sasa hivi nimwambie kosa ni langu, kwamba mwanangu aliniagiza vizuri. Akatikisa kichwa. Alisema kesho sinia linawekwa barazani, na mzee hatakuja kutazama kosa ni la nani, atakuja kutazama sinia.

Tukakaa pale juu. Mimi nikiangalia mti, yeye akiangalia mbali, vilima vya upande wa Msalato. Akaangalia sana, nikadhani anamuwaza Damari. Kisha akashuka akachukua mkasi wa bustani, akapanda, akaanza kukata. Yale matawi marefu yote, moja moja, utomvu mweupe unatiririka. Nililia waziwazi, kila tawi nililijua. Akamaliza matawi akaanza majani. Lile, na lile, na lile, mpaka hata kucha moja ya kijani haikubaki. Mti uchi. Mifupa mitupu.

Nikamwuliza kama amekasirika akaamua kuuua mbele yangu.

"Tazama kule," akanionyesha vilima. "Umeona mti wenye majani Novemba hii?"

Hakuna. Miti yote kule ni mifupa, mpaka mvua ije. Nikageuka nikatazama sinia. Korongo jeupe kavu, mawe yamelala, mkuyu mkongwe uchi kwenye ufa. Kilikuwa kiangazi chetu hiki hiki, na vumbi lake. Mkuyu wenyewe, anasema, utachipua tena, majani madogo, nisipouingilia.

Leo baada ya ibada nilikwenda kwa Mdachi. Sikualikwa, lakini hakuna aliyenikataza. Sinia lilikuwa barazani juu ya meza, Bibi, ambaye amesharudi kutoka pwani, anazunguka na kikombe chake cha kahawa, anainama huku, anainama kule, anasema nzuri, nzuri. Bibi namshukuru, lakini sikuwa nimevaa kitambaa kwa ajili yake.

Mzee Chilewa akaja na vibuyu vya maziwa. Yoeli akampa shikamoo, akaitikia marahaba kama mtu anayetema kokwa. Akaweka vibuyu chini. Akasimama mbele ya meza.

"Mbona hauna majani?"

Ulimi uliniwasha. Nilijiuma.

"Ni kiangazi, mzee," Yoeli akajibu.

Mzee akageuza shingo akatazama vilima, akarudi kwenye sinia. "Kweli," akasema.

Kisha akachuchumaa mpaka jicho lake likalingana na mawe. Akakaa hivyo. Nilihesabu sala zote ninazozijua.

"Hili ni Jiwe la Ndama."

"Ndiyo, mzee."

"Umelikosea."

Yoeli akauliza kwa upole amekosea wapi. Mzee akanyoosha kidole kati ya ng'ombe na ndama. "Hapa ng'ombe wangu hupita kwenda majini. Wewe umepaziba. Hapa hata mbuzi hapiti."

"Mzee, pale pamezibwa. Pa kupita ni kwa nyuma."

"Nyuma ni pa fisi. Nimechunga pale kabla sijaota ndevu. Wewe umepita mara ngapi?"

"Nyingi. Ila mimi nikipita hutazama mawe, mzee hutazama ng'ombe."

Nilitaka kumfinya. Mtu anataka mke na anabishana na baba mkwe. Lakini Mzee hakusimama. Alifungua fundo la nguo yake, akatoa mbegu za mtama, akazipanga kwenye changarawe. "Huyu ni Mabaka. Huyu dume langu. Huyu ni mjamzito." Akaanza kuwaswaga kwa ukucha, anawapigia mluzi mdogo, kweli kabisa, mzee mwenye wajukuu. Wakafika kati ya mawe, mjamzito akatumbukia kwenye ufa.

"Umeona? Umeniulia ng'ombe."

Bibi Mdachi alinisogelea akauliza, "Wanagombana?"

"Hapana, Bibi," nikamwambia, "wanatembea."

Yoeli hakucheka. Alimtoa yule ng'ombe kwa ncha ya mkasi, akamrudisha kwenye kundi. Akalisogeza jiwe la ndama kidogo, upana wa mbegu, akasema, "Mpitishe tena, mzee." Mzee akampitisha. Akapita. Wakapita wote, na dume la mwisho. Mzee akaguna kwa raha.

"Lakini kule halijakaa hivi," Yoeli akasema, akalirudisha jiwe lilipokuwa.

Nikafumba macho.

Nilipofumbua, Mzee alikuwa amesimama, anamtazama mwanangu kutoka juu, maana kila mtu humtazama kutoka juu. "Wewe ni mbishi," akasema. "Kesho asubuhi uje zizini kwangu. Tutawafungua, twende nao mpaka pale, tuone mwongo ni nani. Uje na fimbo."

Kwetu zizi la mtu asubuhi hufunguliwa na wanawe. Mtu baki hasogei. Mimi nilielewa papo hapo, Yoeli akaanza kusema kwamba kesho ana kazi, labda aombe ruhusa kwa Bibi kwanza. Nikamkanyaga mguu. Bibi akasema ruhusa ipo, hata hakujua ameruhusu nini.

Mzee alikuwa ameshashuka baraza, akageuka akanitazama mimi.

"Na yule shemeji yako, Mama Yoeli. Mwambie arudi. Siku ile masikio yalinisumbua."

Nilisema ndiyo mzee, asante mzee, taratibu, kama mwanamke mwenye heshima zake. Nilianza kukimbia nilipovuka reli.

Sasa nimeyaandika. Na nikifikiri sana, kama nisingeulisha ule mti, Yoeli asingeukata majani. Angewaonyesha mkuyu wenye majani Novemba, na Mzee angesema huu ni uongo, mti gani huu. Kwa hiyo nilichofanya si kosa moja kwa moja. Nilimwambia Yoeli hivyo wakati wa chakula. Alisema, "Mama, kula."

Lakini lile neno lake la jana bado linanizunguka. Haukuwa na njaa, ni mfupi tu. Miaka yote hii nimekuwa nikimjazia sahani, namwongezea, namsukumia, na yeye anakula kuniridhisha, naye hana njaa. Kesho atafungua zizi la watu akiwa na kimo hicho hicho.

Nimeazimia jambo moja. Habari hii sitaitangaza kwa mtu mpaka shemeji aende na arudi na jibu. Posa ni kitu cha kunyamaziwa. Nitafunga mdomo, nitateka maji yangu, nitasalimia watu kama kawaida.

Tatizo ni kwamba Yoeli hana fimbo ya kuchungia. Ana mkasi. Hii yangu ya kufukuzia mbuzi ni kijiti cha kuni, hakipelekwi kwa Mzee Chilewa. Fimbo nzuri iliyo karibu ni ya mume wa Mama Ndahani, itabidi niende kuiazima sasa hivi kabla hawajalala, naye Mama Ndahani atauliza ni ya nini.

Nifanyeje, nimdanganye jirani siku ya Bwana?